Jicho la Bi Chausiku

Tabora, 3 Machi 1954

Kwa mke wangu, Bibi Zuena binti Mwinshehe, Temeke.

Shikamoo bibi. Mjukuu wako Mfaume ni mzima, anakula na kulala, na ile mba ya shingoni uliyokuwa ukiicheka imekwisha. Nawasalimu wote wa nyumbani, pamoja na yule kuku mwekundu kama bado hujamchinja. Huku Tabora asubuhi kuna baridi. Darasani tuko kumi na mmoja, na mtu wa pwani ni mimi peke yangu. Wananicheka, wanasema Kiswahili changu kinakimbia kama kinafukuzwa.

Nina shida, na shida ya mume huenda kwa mkewe. Mwezi huu tunasoma jicho. Madaftari ni ya Kiingereza kitupu, na mwalimu wetu, Bwana Leodegar, ametugawia kila mmoja sehemu yake ya jicho aitafutie maneno ya Kiswahili, ili tukiwa waganga wasaidizi tuweze kusema na wagonjwa. Mimi nimepewa airisi. Hiyo ni lile duara lenye rangi, kwetu ya kahawia, kwa Wazungu pengine ya buluu, linalolizunguka tundu jeusi la katikati. Mbele yake kuna kioo kiitwacho konea, nyuma yake kuna lenzi. Bwana Leodegar anasema airisi ni pazia: mwanga ukizidi linafungwa, giza likiingia linafunguliwa.

Sasa hilo pazia mnaliitaje huko? Wewe ndiye unayewaandikia barua wanawake wa mtaa mzima kwa herufi zako za Kiarabu za chuoni, huwezi kukosa neno. Ukichelewa nitaliita Zuena, na wagonjwa wote wa Tanganyika wataugua Zuena.

Mumeo mtiifu,
Mfaume


Temeke, 21 Machi 1954

Mume wangu Mfaume,

Marahaba. Barua yako ilifika dukani kwa Kondo, akaiweka juu ya gunia la unga, nikaipokea nyeupe nikadhani imetoka kwa Gavana. Sie wazima. Ami yako Mwinshehe amehamia Gongo la Mboto, amepata kazi ya ulinzi. Anasema huko hakuna wizi kwa kuwa hakuna cha kuiba. Kuku mwekundu yupo, anakungoja wewe.

Neno lako nimelihangaikia. Tundu jeusi ni mboni, hilo hata mtoto analijua. Hilo duara nimeliulizia nyumba sita. Wa kwanza kasema kiini cha jicho. Wa pili kasema kiini ndiyo hiyohiyo mboni, wakabishana mpaka chai yangu ikapoa. Kondo akasema ni weusi wa jicho. Nikamwambia mume wangu anasema ni kahawia. Akasema, "Basi mumeo ana nafasi kubwa ya kutazama macho ya watu, muulize ni ya nani." Nami nakuuliza, ni ya nani? Sie hapa jicho hatukulikatakata. Likiuma tunasema jicho linauma.

Nami nina swali. Jirani yangu Bi Chausiku, yule wa nyumba ya pili aliyekuwa akikupa kisamvu, jicho lake la kulia limekuwa jekundu, leo siku ya tisa. Haliwashi, linauma kwa ndani. Mwanga wa mlangoni hauvumilii, hukaa amejifunika ushungi. Matongo hana, machozi tu. Nimemwambia nina mume anayesoma macho, akafurahi. Mtafutie dawa, na usimletee mzaha, ni mtu mzima.

Mkeo,
Zuena


Tabora, 6 Aprili 1954

Mke wangu,

Shikamoo. Barua yako niliwasomea wenzangu, wakacheka mpaka Bwana Leodegar akatoka ofisini. Nimeandika "duara la mboni", naye amelikubali kwa kunung'unika. Macho ninayoyatazama ni ya wagonjwa tu, na wengi wao ni wazee wasio na meno, kwa hiyo tuliza moyo.

Ungeniona sasa hivi ungenipigia vigelegele. Najua kwamba airisi ina misuli miwili. Mmoja ni wa duara, huikaza mboni kama kamba inavyokaza mdomo wa mfuko. Mwingine umetawanyika kama miale ya jua, huo huivuta ifunguke. Juzi alikuja mtu mwenye jicho moja la kahawia na jingine la kijivu. Wenzangu wakafunua madaftari, mimi nikasimama nikasema heterokromia! Bwana Leodegar akasema, "Vizuri, lakini yeye kaja kwa jino."

Ugonjwa wa Bi Chausiku ni mdogo kwa mtu aliyesoma. Ni trakoma, na kama si trakoma basi ni vumbi la barabara yenu. Achemshe maji, atie kijiko kimoja cha chai cha boriki, ile dawa ya unga ya kuoshea macho, kwenye kikombe kikubwa, yakipoa aoshe mara tatu kwa siku, wiki tatu au zaidi, asikate tamaa. Na mwambie aache kulilia wanaume, umri wenyewe umeshapita.

Na wewe una nini? Mistari yako safari hii imepanda, imeanza chini kulia ikaishia juu kushoto, na herufi zimenenepa. Umeanza kuniandikia umelala?

Mumeo aliyesoma,
Mfaume


Temeke, 2 Mei 1954

Mfaume,

Marahaba. Nimechelewa, nisamehe. Mfungo unaingia juma hili na nyumba bado haijasafishwa. Mistari inapanda kwa sababu mguu wa meza umelegea, Kondo ameahidi kuutengeneza.

Bi Chausiku anaosha jicho tangu ilipofika barua yako, mara tatu kwa siku, hakosi hata mara moja. Anakuamini kuliko unavyojiamini. Lakini jicho liko palepale, na maumivu yamepanda mpaka kwenye paji. Nimelitazama vizuri. Mboni ya kulia imekuwa ndogo, kichwa cha pini tu, na ya kushoto iko kama kawaida. Lile duara lako limepauka, si kahawia tena, ni chai iliyotiwa maziwa. Anasema anaona ukungu. Nilimfikishia maneno yako kwamba aache kulilia wanaume. Alicheka, si sana.

Barua za mtaa nimepumzika kuziandika. Yupo Apolonia, mke wa Mwalimu Wilbert, watu wa bara waliopanga nyumba ya pili, anawaandikia yeye. Usijisumbue kujibu upesi, najua una mtihani Julai.

Zuena


Tabora, 12 Mei 1954

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini mfungo unakwenda vizuri. Mimi ni mzima. Leo sikuiti mke.

Jana Bwana Leodegar alituletea mgonjwa darasani, mwanamke wa makamo, jicho jekundu. Akatuuliza ni nini, nami nikawa wa kwanza kusema trakoma. Akachukua chaki akaandika airaitisi, yaani airisi yenyewe imevimba, halafu akaandika dalili. Wekundu unaoizunguka konea kama pete. Maumivu ya ndani. Kuogopa mwanga. Machozi pasipo matongo. Mboni ndogo isiyofunguka. Rangi ya airisi kupauka. Mkono wangu ulikuwa ukinakili, nikaona hayo nimekwisha kuyasoma, tena kwa mwandiko wako, na moja baada ya jingine ulikuwa umeyaandika yote. Sikupata usingizi.

Tena kuna jambo. Kasiani, yule fundi wa reli aliyewahi kupanga kwa Kondo, amepita hapa Jumapili. Nilimuuliza hali ya Bi Chausiku. Alishangaa. Alisema Bi Chausiku yuko Kisarawe kwa binti yake tangu mwaka jana, na macho yake anachagulia mchele. Nyumba ya pili, unaniambia mwenyewe, wanakaa akina Mwalimu Wilbert. Sikumuuliza Kasiani zaidi, na wewe sikuulizi.

Lakini huyo jirani, awe nani awaye, mwambie aache maji ya boriki leo hii. Aende hospitali ya mjini siku utakayosomewa barua hii, asingoje Idi, mgonjwa ameruhusiwa kufungua. Kondo ana baiskeli, ampakie. Bibi, nakuomba.

Mfaume


Temeke, 30 Mei 1954

Mjukuu wangu Mfaume,

Marahaba. Barua hii anaiandika Apolonia kwa herufi zenu za Kizungu, mie nasema yeye anaandika. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu, ila nikisema la kuchekesha hunitazama kwanza kuona kama kweli liandikwe. Sie wazima. Ami yako Mwinshehe amelalamika kwamba wezi wamefika Gongo la Mboto, wameiba taa yake ya ulinzi.

Jirani alikwenda. Kondo alimpakia, wakaanguka mara moja tu, kwenye mchanga. Daktari alimtazama kwa tochi, akampa chupa ya matone yaitwayo atropini, tone moja mara tatu kwa siku, na kila juma arudi. Siku ya pili mboni ikafunguka ikawa kubwa, ukimtazama unaona tundu tupu, duara lako limebaki uzi. Tangu hapo ndiyo mambo yameharibika. Zamani aliona ukungu lakini herufi kubwa alizisoma. Sasa hata msahafu haoni mstari, na mwanga unamwingia wote kama nyumba iliyong'olewa mlango. Wanawake waliokuja kumtazama wamesema hiyo ni dawa ya kupofusha. Siku ya nne akaiacha. Chupa iko kabatini, na juma lililofuata hakurudi kwa daktari. Anasema afadhali jicho lake la kwanza, lilimuuma lakini alilijua.

Usiombe ruhusa, usije. Soma.

Zuena binti Mwinshehe

Mimi Apolonia naongeza haya bila yeye kujua. Hapa hakuna jirani. Tangu juzi amelala ameelekea ukutani, amejifunika uso kwa kanga, na nikimwita anasema anapumzika. Wewe atakusikia. Mwandikie upesi.


Tabora, 8 Juni 1954

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Idi ilipita nikiwa wodini, sikuisikia. Nimeomba ruhusa ya kuja, nimenyimwa, wamesema nikiondoka kabla ya mtihani nisirudi. Nilifunga mizigo hata hivyo. Bwana Leodegar alikuja akakaa juu ya sanduku langu akasema, "Ukifika utafanya nini? Utamtia matone? Matone anayo. Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza, na kueleza kunaenda kwa posta." Kwa hiyo naeleza. Mama Apolonia, msomee polepole, hata mara mbili.

Airisi iliyovimba hutoa utando, nao hunata. Nyuma yake, karibu sana, ipo lenzi. Mboni ikibaki ndogo, airisi inaganda juu ya lenzi kama ukoko unavyogandia chungu, na ikishaganda yote, maji ya ndani ya jicho hukosa njia, na jicho hufa. Atropini inaulegeza ule msuli wa duara. Pazia linavutwa pembeni, mbali na lenzi, haliwezi kuganda. Ile mboni kubwa iliyokutisha ndiyo dawa inayofanya kazi. Herufi zimepotea kwa sababu dawa hiyohiyo inalegeza na msuli wa lenzi wa kutazamia vitu vya karibu. Ukimaliza dawa, msuli hurudi. Airisi iliyoganda kwa muda mrefu hairudi. Kwa hiyo itoe chupa kabatini sasa hivi, utie tone, na kesho urudi kwa daktari umwambie ukweli kwamba uliacha. Liwekee jicho kitambaa, soma kwa la kushoto. Wanawake wanaosema dawa inapofusha waambie mjukuu wako atakuja kuwajibu mwenyewe mmoja mmoja.

Bibi, hili sikulisema barua iliyopita, niliona haya. Uliniambia dalili zote, na uliniambia nisilete mzaha. Mimi nilikuwa nimesoma jicho mwezi mmoja, nikasema trakoma kwa mtu nisiyemuona. Sikuuliza hata swali moja, nilikuwa na haraka ya kuonekana najua. Wewe umeosha jicho wiki tano kwa ajili ya neno langu, na katika hizo wiki tano lilikuwa linaganda. Nikikumbuka nilivyoandika kuhusu kulilia wanaume natamani kuila ile karatasi. Nimekukosea sana. Ukinikasirikia una haki, lakini tia dawa kwanza, unikasirikie baadaye.

Mjukuu wako,
Mfaume


Temeke, 20 Agosti 1954

Mume wangu Mfaume,

Marahaba, tena marahaba. Utaona mwandiko ni wangu na mistari imelala. Meza haikuwa na ubovu wowote, Kondo alikuja na nyundo akaikuta nzima, akaniuliza nilikuwa namtania au namtukana. Sie wazima. Kuku mwekundu tulimchinja siku ya tatu ya Idi, Apolonia alikuwa ameanza kukonda kwa ajili yangu.

Barua yako alinisomea mara tatu. Ile ya tatu mie sikuomba, aliitaka mwenyewe, alisema anaanza kulielewa jicho. Nikatia tone palepale. Nimetia siku arobaini, nikiwa nimefungwa kitambaa, na kila juma nimekwenda kwa baiskeli mpaka Kondo sasa anajiita gari la wagonjwa. Maumivu yamekwisha kabisa. Lile duara lako limerudi mahali pake, lakini si lote. Daktari anasema pameganda sehemu moja, upande wa chini, haikubali kuachia. Nimejitazama kwenye kioo. Mboni yangu ya kulia si duara tena, ina pembe. Kwa jicho hilo naona mlango, na naona kwamba mtu amesimama mlangoni, uso wake siujui mpaka aseme. Herufi basi. Lakini la kushoto linatosha, na wanawake wa mtaa wamerudi, maana Apolonia huwa anawasahihisha wanayotaka kuwaambia waume zao.

Sasa hayo ya kukukasirikia. Nilikasirika, kwa nini nidanganye. Siku mbili nzima. Halafu nikajiuliza, nani alimwita Bi Chausiku kutoka Kisarawe akaja kuugua nyumbani kwangu? Nilikuficha kwa sababu ulikuwa na mtihani, na kwa sababu tumezoea kucheka, mie na wewe. Sikujua namna ya kukuandikia bila kucheka. Nikaona nikisema jicho ni langu utaacha kuwa mume utakuwa mjukuu, nami nitakuwa kikongwe. Kwa hiyo kosa tuligawane, sehemu yako chukua, yangu niachie.

Lipo moja ambalo hata Apolonia sijamwambia. Siku ya kwanza hospitalini, daktari alinitazama kwa ile tochi yake akauliza, "Bibi, nani aliyekuambia uoshe kwa boriki wiki zote hizi?" Alikuwa na kalamu mkononi, tayari kuandika. Nikasema hakuna, ni ujinga wangu mwenyewe. Alinigombeza, Mfaume. Alinigombeza mbele ya watu wa benchi zima, wengine wadogo kuliko mama yako, akasema vikongwe tunajitia uganga halafu tunawaletea wao kazi. Nikainamisha kichwa nikasema ndiyo, bwana. Niliona jina lako lisitangulie kuingia hospitali kabla yako.

Kasiani kaniletea habari kwamba umefaulu na Oktoba unavaa koti jeupe la uganga. Nimepiga vigelegele peke yangu ndani, kuku waliobaki wakakimbia. Basi sikiliza, hili nakuambia mkeo na bibi yako pamoja. Atakuja kwako mwanamke, ushungi umemfika puani, atakwambia anaulizia dawa ya jicho la jirani. Usimuulize jirani ni nani. Mvutie kiti, mpeleke penye mwanga, umfunue ushungi wewe mwenyewe, polepole, umtazame.

Ni mimi mkeo mwenye mboni ya pembe,
Zuena